Mwombaji wa Uzamivu Naye Ahoji

SAFU YA KALAMU NA HOJA
Na Salma Mwinyihaji

Kati ya Septemba na Januari kila mwaka, wahitimu wa fasihi wa vyuo vya Afrika Mashariki wanaotaka kusomea shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kiingereza, hususan Marekani, huingia katika msimu wa maombi: wadhamini husakwa, nakala za matokeo hufuatiliwa kwa msajili, na makala zilizolala tangu uzamili hutolewa kabatini na kunyooshwa upya. Katika pilikapilika hizo mwombaji hujihesabu kuwa ndiye pekee anayetahiniwa, akasahau kwamba chuo anachokiomba nacho kina mengi ya kujieleza mbele yake. Uzamivu wa fasihi ni mkataba wa kazi wa miaka mingi kabla haujawa heshima ya jina, na kwa sababu hiyo anayeutafuta ana wajibu wa kuhoji habari za fedha, za msimamizi na za ajira kwa ukali uleule ambao kamati ya udahili huutumia kumhoji yeye.

Mfumo wa Marekani unatofautiana na uliozoeleka nyumbani katika jambo moja la msingi, nalo ni kwamba mwenye shahada ya kwanza tu anaweza kudahiliwa moja kwa moja katika uzamivu, kwa kuwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo ni ya semina, yaani madarasa ya watu wachache yanayoendeshwa kwa mjadala na kuhitimishwa kwa makala ndefu ya utafiti. Baada ya semina hufuata mtihani wa jumla, ambamo mwanafunzi huulizwa maswali kutokana na orodha ndefu ya vitabu aliyoipanga pamoja na walimu wake, kisha pendekezo la utafiti, na hatimaye tasnifu, ambayo ni andiko lenye ukubwa wa kitabu linalotetewa mbele ya jopo. Programu nyingi hujitangaza kuwa za miaka 5 au 6, lakini ripoti ya mwaka 2014 ya Modern Language Association, chama cha wataalamu wa lugha na fasihi cha Marekani, ilionyesha kwamba muda wa kawaida wa kumaliza ulikuwa takriban miaka 9, na ikapendekeza masomo yapangwe upya ili yakamilike kwa miaka 5. Pengo lililopo kati ya miaka inayotangazwa na miaka inayotumika ndilo chimbuko la swali la kwanza ambalo mwombaji anapaswa kuliuliza: ni nani anayelipia miaka ya ziada?

Kabla ya kufika hapo, hata hivyo, ni lazima mlango ufunguke, na kinachoufungua ni maandiko mawili. La kwanza ni maelezo ya kusudio, ambayo kwa kawaida ni kurasa mbili zinazoeleza swali la utafiti, maandalizi ya mwombaji na sababu za kuichagua idara husika; la pili ni sampuli ya andiko, yaani makala ya uhakiki ambayo mara nyingi huwa na kurasa kati ya 15 na 25. Mtihani wa GRE, yaani mtihani sanifu wa udahili uliokuwa ukiwatia watu hofu, umeondolewa na idara nyingi, na ule wa somo la fasihi ya Kiingereza ulifutwa na waandaaji wake mwaka 2021, hivyo uzito umehamia kwenye kurasa hizo, zinazosomwa na wahadhiri wachache walio na mamia ya maombi mezani kwa ajili ya nafasi ambazo aghalabu hazifiki 15.

Kosa linalojirudia katika maelezo ya kusudio ni kuyageuza kuwa wasifu wa mapenzi ya vitabu: mwombaji huanza na utoto wake, akasifu walimu wake, akataja waandishi anaowahusudu, na ukurasa wa kwanza ukaisha kabla msomaji hajajua ni jambo gani hasa linalotaka kuchunguzwa. Kamati hutafuta swali. Mwombaji kutoka Nairobi anayeandika kwamba anapenda riwaya za Kenya hajasema kitu. Lakini yule anayeandika kwamba *Son of Woman* ya Charles Mangua ilitoka mwaka 1971, kwamba *After 4.30* ya David Maillu ilifuata mwaka 1974 na mfululizo wa Spear Books ukaanza mwaka 1975, na kwamba anataka kujua vitabu hivyo vya bei nafuu vilijenga msomaji wa mjini wa namna gani na kwa nini wahakiki wa wakati huo walivipa kisogo, huyo ameshaonyesha muktadha, ushahidi na mgogoro wa kitaaluma ndani ya sentensi moja. Anapoongeza kwamba magazeti ya miaka hiyo yamehifadhiwa katika maktaba za nyumbani na kwamba anaweza kuyasoma ya Kiswahili pamoja na ya Kiingereza, anakuwa ametaja nyenzo ambazo waombaji wengi wa Marekani hawanazo.

Hapo ndipo linapoibuka suala zito zaidi, ambalo ni mahali anapowekwa mtafiti wa Afrika Mashariki ndani ya idara ya Kiingereza ya ng'ambo. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe na badala yake iundwe idara inayoiweka fasihi ya Afrika katikati, nyingine zikifuata kwa ukaribu wake na Afrika. Mageuzi yaliyofuata yaliwalea wahitimu wa Nairobi katika idara inayoitwa ya Fasihi, na Dar es Salaam nayo ikawa na idara ya jina hilohilo, ilhali idara nyingi za Marekani na Uingereza bado zimepangwa kwa karne za historia ya Uingereza, kisha fasihi ya Marekani, na pembeni kitengo kinachoitwa fasihi ya baada ya ukoloni, yaani maandishi yaliyotokana na nchi zilizotawaliwa. Mwombaji kutoka Dodoma au Kisumu hutarajiwa, bila kuulizwa, kuingia katika kitengo hicho na kubaki humo.

Historia ya waliotangulia inaonyesha kwamba matarajio hayo si sheria. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alikamilisha uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982 kwa tasnifu iliyohusu uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi. Simon Gikandi, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyepata uzamivu wake katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1986 na ambaye sasa ni profesa Princeton, alichapisha mwaka 2011 kitabu kuhusu utumwa na utamaduni wa Uingereza wa karne ya 18, eneo ambalo mpangilio wa zamani wa idara ungelihesabu kuwa la Waingereza wenyewe. Ngũgĩ mwenyewe alikwenda Leeds mwaka 1964, akajishughulisha na fasihi ya Karibiani, na akaondoka bila kukamilisha shahada aliyoifuata. Mwombaji anaweza kuandika kuhusu Afrika au kuhusu mshairi wa Kiingereza Milton. Linalotakiwa ni kwamba uamuzi uwe wake na uwe na hoja, kwa sababu anayekubali eneo la utafiti kwa kudhani ndilo litakalompa nafasi atalazimika kuishi nalo kwa muda mrefu baada ya kamati kumsahau.

Gharama huanza kabla hata ya jibu kutoka. Ada ya kuomba katika chuo kimoja cha Marekani mara nyingi hukaribia dola 100, hivyo anayeomba katika vyuo 8 hutumia karibu dola 800, fedha ambazo kwa mwalimu wa sekondari ni mshahara wa zaidi ya mwezi mmoja. Vyuo vingi husamehe ada hiyo mwombaji anapoomba kwa barua, na vingi huondoa sharti la mtihani wa Kiingereza kwa aliyesomea chuo kinachofundisha kwa lugha hiyo, lakini misamaha hiyo hupewa anayeiuliza mapema. Vivyo hivyo barua tatu za wadhamini huhitaji kuombwa miezi kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na kumkabidhi mdhamini rasimu ya maelezo ya kusudio, kwa kuwa barua inayosema tu kwamba mwanafunzi alikuwa mtiifu na alihudhuria vipindi haimsaidii mtu.

Majibu yakifika, kwa kawaida kati ya Februari na Machi, zamu ya kuhoji inageuka. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na barua ya ufadhili ndiyo daftari lenyewe: isomwe ili ijulikane kama posho ya kujikimu inalipwa kwa miezi 9 au 12, kama msamaha wa ada unahusu pia michango midogomidogo, kama bima ya afya imo, na kama mwaka wa sita umeahidiwa kwa maandishi au kwa maneno matupu. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki chuoni wakati wa muhula, na mwenzi wake mwenye viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi kabisa, kwa hiyo posho inayotosha mtu mmoja inaweza kuifedhehesha familia. Aidha, kwa mujibu wa azimio la Baraza la Shule za Uzamili la Marekani, ambalo vyuo vingi vimelitia saini, aliyepewa ufadhili halazimiki kujibu kabla ya Aprili 15. Anayeshinikizwa atoe jibu ndani ya wiki moja ana haki ya kulitaja azimio hilo kwa adabu.

Uingereza utaratibu ni mwingine. Huko hakuna miaka ya semina. Mwombaji hupeleka pendekezo kamili la utafiti kwa msimamizi anayemlenga, huandika tasnifu kwa miaka 3 au 4, kisha huitetea mbele ya watahini wa ndani na wa nje ya chuo. Tangu mwaka 2021 fedha za serikali za utafiti zinaweza kutolewa kwa wanafunzi wa kigeni, lakini sehemu yao haizidi asilimia 30, na ndiyo maana Ufadhili wa Jumuiya ya Madola umeendelea kuwa tegemeo la waombaji wa kwetu. Karibu zaidi na nyumbani, Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kilianzisha ushirikiano wa PANGeA, ambao Dar es Salaam, Nairobi na Makerere ni miongoni mwa washiriki wake, na ambao umewasomesha wahadhiri vijana kwa miaka mitatu ya masomo ya muda wote.

Aliyekwisha kuanza hukutana na jambo ambalo barua ya udahili hailielezi vya kutosha: kazi ya kufundisha. Katika programu nyingi za Marekani posho hulipwa kwa sharti la kufundisha somo la uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambalo maana yake ni kusahihisha insha kwa makumi kila wiki huku semina zenyewe zikidai riwaya nzima na nadharia juu yake kwa kipindi kimoja. Mwanafunzi aliyezoea mhadhara, ambamo mwalimu husema na darasa huandika, hujikuta akipimwa kwa anachosema mezani, na ukimya wake unaotokana na heshima hutafsiriwa kuwa hakusoma. Mwaka wa kwanza kwa hiyo unahitaji mambo mawili mapema: kuzoea kutoa hoja isiyokamilika mbele ya watu, na kumtambua msimamizi kwa rekodi yake ya kuwafikisha wanafunzi mwisho badala ya wingi wa vitabu vyake. Wanafunzi wa miaka ya juu ndio wanaoijua rekodi hiyo, nao huisema wakiulizwa faraghani.

Swali la mwisho ni la ajira, na jibu lake ni chungu. Matangazo ya kazi za ualimu wa chuo katika Kiingereza yanayokusanywa na Modern Language Association yalipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka kumi na zaidi iliyofuata msukosuko wa uchumi wa 2008, na vyuo vyenyewe vimeanza kufunga milango: Novemba 2024 Chuo Kikuu cha Boston, baada ya mgomo wa wanafunzi wake kumalizika kwa mkataba mpya wa malipo, kilisitisha kwa mwaka mmoja udahili wa uzamivu katika programu kadhaa za fani za utu na sayansi za jamii, Kiingereza kikiwamo. Nyumbani hali ni kinyume kwa sura, kwa kuwa Kenya na Tanzania zinahitaji uzamivu kwa anayetaka wadhifa wa mhadhiri, lakini hitaji la cheti halijaambatana na nafasi za kudumu za kutosha, na wengi hufundisha kwa mikataba ya muda.

Hukumu ya safu hii ni kwamba uzamivu wa fasihi ya Kiingereza bado unastahili kutafutwa na mwenye swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa njia fupi, mradi asiingie bila ufadhili uliothibitishwa kwa maandishi kwa muda wote wa masomo. Vyuo vya Afrika Mashariki, ambavyo hudai shahada hiyo kwa walimu wao, navyo vinapaswa kuchapisha kila mwaka idadi ya wanafunzi wa uzamivu chini ya kila msimamizi, muda wanaotumia kumaliza na kiasi cha ufadhili kilichopo, ili mwombaji aweze kulinganisha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Michigan kwa hesabu badala ya sifa za kusikia. Hadi takwimu hizo zitakapowekwa wazi, kila anayejaza fomu msimu huu na aziulize mwenyewe, kwa barua, na achukulie kukosekana kwa jibu kuwa ni jibu.