Maji ya chumba cha chini hayazuiliwi kwa rangi

Mhariri,

Maji yakipenya chumba cha chini ya ardhi, wengi wetu hukimbilia kupaka rangi ukutani. Nyumbani kwetu Mikocheni tulipaka mara mbili. Masika yalipoingia, rangi ilifanya malengelenge, unga mweupe wa chumvi ukatokeza ukutani na gunia la mchele lililokuwa humo likaoza.

Chanzo kilikuwa nje: gata lilimwaga maji kwenye msingi, na udongo uliinamia nyumba. Tuliunga bomba la kuyapeleka maji mbali, tukajaza kifusi kando ya ukuta ili ardhi iteremkie nje. Chumba kimekauka.

Nawasihi wenzangu: kabla ya kununua rangi, tokeni nje mvua ikinyesha, mtazame maji yanakoelekea.

Msomaji wako,
Mikocheni, Dar es Salaam