Mtoto Yuko Sawa, Weka Alama

NA MAMA NASERIAN

Jumanne upepo wa Kona Baridi ulivuma hadi jogoo wangu akakosa sauti. Jirani akabisha hodi, kalamu mdomoni. Shule ilikuwa imempa hojaji ya kupima kama kijana wake ana kiwewe. Walihamia huku kutoka Kitengela, maji yalipowafukuza wakati wa mafuriko ya 2024.

“Mama Naserian, nisaidie tujaze haraka, matatu itaniacha.”

Je, mtoto huota ndoto za kutisha? Hapana. Hushtushwa na kelele? Hapana. Hukwepa vitu vinavyomkumbusha tukio? Akakuna kichwa. Hapana. Maswali ishirini, dakika nne. Mimi fomu ya hati ya shamba ina mwaka wa sita.

Baba huyu hutoka saa kumi alfajiri kwenda Industrial Area na kurudi mtoto kashalala. Hizo ndoto angezionea wapi? Mimi ndiye huona godoro likianikwa uani kila baada ya mvua. Mimi ndiye nilimwona kijana, matone ya kwanza yalipogonga mabati, akipandisha viatu vya wadogo zake juu ya kabati, kimoja kimoja, bila kusema neno.

Nilipomtajia baba, alikunja uso. “Mtoto wangu si mwendawazimu.” Basi aibu ya mzazi ndiyo iliyojaza fomu, na kesho itaitwa takwimu. Tena baba mwenyewe aliponea kwenye maji yayo hayo. Yeye nani amemuuliza kitu?

Mtoto wa miaka mitatu, sawa, asemewe. Huyu ana kumi na miwili, na ndiye hunihesabia chenji nikitoka dukani. Utafiti uliochapishwa 2004 ulihusu kiwewe kwa wanafunzi 2,041 wa Nairobi na Cape Town. Waliulizwa wenyewe, na zaidi ya asilimia 80 wakasema wamepatwa na mambo mazito au wameyashuhudia. Hakuna aliyezimia kwa kuulizwa.

Alhamisi nikafunga leso, nikaenda shuleni kumwambia mwalimu amkalishe kijana amuulize yeye. Alinisikiliza kwa heshima zote.

“Umesema kweli, mama. Ndiyo maana wiki ijayo tunaletewa hojaji nyingine. Ya walimu.”