Fizikia Ifundishwe kwa Mikono Tangu Kidato cha Kwanza

Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, fizikia ina karatasi tatu. Mbili za kwanza zina alama 80 kila moja. Ya tatu, ambayo mtahiniwa hufanya majaribio maabarani kwa saa mbili na nusu, ina alama 40. Kazi ya mikono basi ni sehemu moja ya tano ya alama zote, na shule nyingi huipa uzito huohuo: muhula wa mwisho ukifika, vifaa hupanguswa vumbi na wanafunzi hukaririshwa hatua za kufuata. Huko ni kuwapunja. Majaribio ya ukinzani wa umeme na ya uthabiti wa vitu humzoesha kijana kupima jambo kabla ya kuliamini, kwa hiyo yafaa yaanze kidato cha kwanza, yasingoje mtihani.

Chukua jaribio la waya wa nikromu unaonyooshwa kando ya rula ya mita. Kanuni inasema ukinzani huongezeka sawia na urefu wa waya na hupungua kadiri waya unavyonenepa. Mezani, hata hivyo, waya hupata moto swichi ikiachwa imewashwa, na vipimo huanza kuhama. Kibanio kikilegea huongeza ukinzani usiokuwemo katika waya. Grafu nayo hukataa kupita kwenye sifuri. Anayelazimika kueleza sababu ndiye anayejifunza fizikia, na elimu hiyo ina kazi nyumbani. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 240 huvuta zaidi ya ampea 8. Likitumia waya wa kurefushia wa shaba wa mita 10, wenye eneo la mkato la milimita mraba 0.5, karibu wati 48 huishia kuwa joto ndani ya waya huo. Waya wa milimita mraba 1.5 hupunguza joto hilo hadi theluthi yake.

Uthabiti nao hupimika kwa urahisi. Sanduku lenye kitako cha sentimita 10 na kimo cha sentimita 30, likisimamishwa juu ya ubao unaoinuliwa polepole na kuzuiwa lisiteleze, hupinduka mteremko unapozidi kidogo nyuzi 18. Hapo mstari wa timazi kutoka kitovu cha uzito umeshatoka nje ya kitako. Mchanga ukiwekwa ndani ya sanduku, upande wa chini, linastahimili zaidi; uzito ukihamishiwa juu, linaanguka mapema. Aliyeyaona haya anaelewa hatari ya basi lililorundikiwa mizigo kwenye keria. Nchini Uingereza, basi la ghorofa hupimwa kwa kanuni hiyohiyo: likiwa limebeba uzito juu, sharti liinamishwe nyuzi 28 bila kupinduka.

Wapo watakaosema shule hazina fedha. Ni kweli maabara kamili ni ghali, lakini majaribio haya mawili hayaidai. Koili ya jiko la umeme lililoharibika, betri kavu mbili, mita ya fundi umeme, kadibodi, uzi na jiwe vinatosha kuanzia. Wengine watasema programu za simu huonyesha yote hayo. Zinafaa kwa marudio, ila programu hutoa jibu lililokwisha kuwekwa ndani yake. Haina kibanio kilicholegea. Hoja nzito zaidi ni ya muda, kwa kuwa mtaala ni mrefu na walimu wameelemewa. Hata hivyo, muda unaookolewa kwa kuruka majaribio una gharama yake. Mwanafunzi anayeingia maabarani muhula wa mwisho tu hulijua jibu kabla ya kupima, akapika vipimo vinavyokubaliana na mstari ulionyooka. Hapo hatujampa sayansi, tumemzoesha udanganyifu.

Wizara ya Elimu na watunga mitihani waanze kuhesabu alama za daftari la maabara tangu kidato cha kwanza, na vipimo visivyonyooka vilivyoelezwa kwa ukweli vipewe alama nyingi kuliko vilivyonyooshwa kwa kalamu. Walimu wakuu watenge kipindi cha majaribio kila wiki na wakilinde. Nawe mzazi, ukienda shuleni siku ya mkutano, usiulizie alama pekee. Uliza mtoto wako amepima nini kwa mikono yake muhula huu.