Chanjo ya nguruwe kutoka ng'ambo huenda isitufae

MFUGAJI wa nguruwe wa Busia au Kiambu anaposikia kwamba Vietnam tayari ina chanjo ya homa ya nguruwe ya Afrika, ana kila sababu ya kufurahi. Ugonjwa huu, ambao Montgomery aliueleza kitaalamu mnamo 1921 baada ya kuuchunguza humu nchini, unaweza kuangamiza takriban zizi zima kwa siku chache. Tiba hauna.

Hata hivyo, kabla ya kufungua mkoba yafaa kuuliza: chanjo hiyo ilitengenezwa dhidi ya virusi gani?

Wanasayansi wamevigawa virusi vya homa hii katika nasaba zaidi ya 20 kwa kulinganisha jeni moja. (Mnamo 2023 baadhi yao walipendekeza mgawanyo mpya wenye makundi machache, ila tofauti zenyewe zipo pale pale.) Nasaba nyingi zimo barani mwetu, wala si ajabu, kwani hapa ndipo virusi vimeishi tangu jadi ndani ya ngiri na papasi bila kumdhuru ngiri.

Nasaba ya pili, yenye asili ya kusini-mashariki mwa Afrika, ndiyo iliyoingia Georgia mnamo 2007 na China mnamo 2018. Chanjo za Vietnam zimetokana na virusi hivyo. Kinyume chake, watafiti nchini Kenya wamekuwa wakikuta nasaba ya tisa na ya kumi, hasa ya tisa katika eneo la Busia na ng'ambo ya mpaka, Uganda.

Yaliyotokea Vietnam kwenyewe yanatia shaka. Huko kumezuka virusi chotara vya nasaba ya kwanza na ya pili, na utafiti wa 2024 ulionyesha kuwa chanjo hizo hazikuwakinga nguruwe kikamilifu. Ikiwa zinashindwa na chotara aliye nusu ndugu, zitamudu vipi nasaba ya tisa?

Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, jijini Nairobi, imekuwa ikitafuta chanjo inayotokana na nasaba hii ya kwetu. Kazi hiyo ni ya polepole, lakini ndiyo inayostahili fedha za umma. Nayo chanjo yoyote ya kigeni ijaribiwe kwanza dhidi ya virusi vilivyochukuliwa mazizini mwetu, ndipo iruhusiwe sokoni.

Kwa sasa, kinga ya mfugaji ni kuchemsha mabaki ya hotelini na kutomuuza nguruwe mgonjwa.