Alama za Bia ni za Ulimi, Si za Lebo

Ndugu zangu, leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tuzungumzie bia. Wale msiokunywa msikimbie, maana hoja yangu haihusu ulevi. Inahusu swali ambalo sisi waandishi wa habari tunalipwa (kiduchu) kuliuliza kila siku: nani anasema kitu hiki ndicho bora, na kwa kusema hivyo anapata nini?

Kama umewahi kukaa na mtu aliyerudi kutoka Ulaya akaanza kusifia bia za watawa wa Ubelgiji, unaijua hadithi yenyewe. Mapishi ya siri, watawa wamejifungia wanasali, bia imetajwa kuwa bora duniani, na kuipata ni kazi. Ukimuuliza ina ladha gani, anakwambia foleni ilikuwa ndefu kiasi gani. Hapo ndipo tunapogombana.

Mwaka jana nilikaa Brussels wiki tatu kwa mafunzo ya kikazi, na jioni nilizitumia kuonja bia nne za kiwanda kimoja kidogo na kuzipa alama. Alama hizo nitazitoa. Kwanza tuelewane kuhusu majina, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopigwa changa la macho.

Mtu wa Ndanda au Peramiho hana haja ya kuelezwa abasia ni nini. Ni monasteri kubwa inayoongozwa na abate. Hizo za kwetu ni za Wabenediktini. Ubelgiji kuna pia za Watrapisti, watawa wanaojulikana kwa ukimya na kazi za mikono, na baadhi yao hutengeneza bia. Tangu 1997 Watrapisti wana jumuiya yao ya kimataifa inayotoa alama ya pembe sita. Masharti yake hayana mzunguko: bia itengenezwe kwenye eneo la monasteri, watawa wenyewe waisimamie, na faida iende kwenye mahitaji yao na misaada, isimtajirishe mtu.

"Bia ya abasia" ni kitu kingine. Hilo ni jina la mtindo. Inaweza kutoka kwenye kiwanda chenye mkataba na monasteri iliyo hai, au kwenye kiwanda kilichoazima jina la monasteri iliyobaki magofu, au mtawa wake anaweza kuwa kwenye lebo tu. Chukua Leffe. Abasia ya Leffe iko Dinant, lakini bia inatengenezwa Leuven na kampuni ya AB InBev, na abasia inalipwa kwa matumizi ya jina. AB InBev hao hao waliinunua SABMiller mwaka 2016, na kwa ununuzi huo wakaipata na TBL yetu. Kwa hiyo yule jamaa anayekudharau na Kilimanjaro yako mezani huku yeye kashika Leffe, mwambie taratibu kwamba wote wawili mnamchangia tajiri mmoja.

Sasa, alama ya pembe sita inasema nini kuhusu ladha? Haisemi kitu. Mwaka 2021 bia ya Achel iliipoteza alama hiyo. Haikuwa imechacha wala kubadilika. Hapakuwa tena na watawa wanaoishi pale. Alama inakueleza nani ana mamlaka na pesa zinaelekea wapi. Ni habari muhimu, na mtu anayenunua kwa sababu hiyo namheshimu. Ila hiyo ni habari ya dhamiri, na ulimi una habari zake.

Kiwanda nilichokichagua kinaitwa St. Bernardus. Kiko kijiji cha Watou, karibu na mpaka wa Ufaransa, kwenye eneo la Poperinge wanakolima hopsi. Si abasia, na hakuna mtawa anayepika humo. Lakini historia yake inaingia moja kwa moja kwenye hoja yangu. Hapo zamani watawa kutoka Mont des Cats, upande wa Ufaransa, walivuka mpaka wakati serikali yao ilipokuwa inayabana mashirika ya dini, wakawa wanatengeneza jibini Watou. Baadaye walirudi kwao, na biashara ya jibini ikabaki kwa raia wa kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Pili, abasia ya Mtakatifu Sixtus iliyoko Westvleteren, jirani kabisa, ilitaka kupunguza shughuli za bia ili watawa wabaki na utawa wao. Mwaka 1946 wakampa leseni yule mwenye kiwanda cha jibini atengeneze bia na kuiuza kwa jina lao. Mpishi wa bia wa abasia akaenda Watou na ujuzi wake, mapishi na hamira.

Mpango huo ulidumu hadi 1992. Watawa wakaamua kwamba kuanzia hapo bia yenye jina lao itatengenezwa ndani ya kuta zao tu. Watou wakarudisha jina. Ujuzi haukurudishwa, maana ujuzi haurudishwi. Wakaendelea kupika kwa jina la St. Bernardus.

Mwaka 2005 ikaja kura. Watumiaji wa RateBeer, tovuti ya Kimarekani ya kupima bia, waliitaja Westvleteren 12 kuwa bia bora duniani. Watu wakafurika pale abasiani, magari yakapanga foleni. Watawa hawakuongeza uzalishaji. Kwa miaka mingi ilibidi upige simu kuweka nafasi, ufike siku yako, uchukue makreti yako uondoke. Mauzo ya mtandaoni waliyaanza 2019. Wanawaomba wateja wasiuze tena kwa watu wengine, lakini nani anasikia? Nilikuta chupa moja kwenye duka Brussels ikiuzwa zaidi ya euro kumi. Kwenye rafu ya chini yake ilikuwepo St. Bernardus Abt 12, binamu yake wa damu, kwa euro mbili na senti kadhaa.

Haya, tuingie kwenye kuonja.

Utaratibu wangu ulikuwa hivi. Bia mbili kila jioni, chupa ya mililita 330 tunagawana watu wawili, mimi na rafiki yangu wa Bukavu anayeishi Matonge, mtaa wa Waafrika wa Brussels uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Mkate na maji katikati. Bia isiwe ya baridi kali. Yule mzee wa baa anayeagiza Safari "ya moto" nasi tukamcheka, huku angeonekana mtaalamu, kwa sababu bia hizi hunywewa kwenye nyuzi kumi hivi au zaidi kidogo. Ukiigandisha, harufu inalala. Bia imechachuka mara ya pili ndani ya chupa, kwa hiyo chini kuna tope la hamira, unamimina polepole. Alama ni 20: harufu 5, ladha 8, mwili na povu 4, kinachobaki mdomoni 3.

Jambo moja zaidi. Pater ni padri, Prior ni msaidizi wa abate, Abt ni abate mwenyewe, kwa hiyo bia zinapanda cheo. Namba 6, 8 na 12 zinatokana na kipimo cha zamani cha Wabelgiji cha uzito wa maji ya kimea kabla hayajachachuka. Si asilimia ya kilevi.

Pater 6, asilimia 6.7. Rangi ya kahawia ya mbao. Inanukia ukoko wa mkate na ndizi mbivu. Ndizi haimo; harufu hiyo ni kazi ya hamira. Mtu aliyekulia karibu na mbege hapo atatabasamu, ingawa mbege ndizi zimo kweli. Mwili mwepesi kuliko rangi inavyotisha, mwisho wake mkavu, unakwisha upesi. Alama 13.5.

Tripel, asilimia 8. Hii ni ya dhahabu, ina ukungu kidogo. Ganda la chungwa, asali, pilipili manga kwa mbali. Povu linakaa hadi mwisho. Uchungu wa hopsi unausawazisha utamu vizuri, ila inapopata joto kilevi kinaanza kujitokeza kooni. Alama 14.

Prior 8, asilimia 8. Sukari guru, zabibu kavu, na kitu kama karafuu. Inajaza mdomo lakini hailemei. Kwa maoni yangu haina sifa inayostahili, kwa sababu imekaa katikati ya ndugu wawili wanaosemwa zaidi. Alama 15.

Abt 12, asilimia 10. Nyeusi inayoelekea wekundu ukiiweka mbele ya taa. Tende. Ndiyo, tende zile za mwezi wa Ramadhani, pamoja na sukari iliyoungua na ukali kama wa tangawizi kavu. Kila ukiinua glasi inakuja na kitu kipya kadiri inavyopata joto. Mwisho wake mrefu, na utamu haugandi mdomoni. Alama 17. Angalizo kwa wanaojiona wagumu: chupa moja ndogo ya hii ina kilevi mara moja na nusu ya chupa ya nusu lita ya Kilimanjaro. Usiinywe kama soda.

Jioni ya mwisho tulichanga pesa tukanunua ile Westvleteren 12 ya zaidi ya euro kumi. Rafiki yangu akamimina hiyo na Abt 12 kwenye glasi mbili zinazofanana akiwa jikoni, akaweka alama chini ya glasi, nami nikaonja bila kujua. Kisha nikamfanyia yeye vivyo hivyo. Ya kwanza niliipa 17, ya pili 16.5. Tulipogeuza glasi, ya kwanza ilikuwa ya Watou. Yeye matokeo yake yalikuwa kinyume: aliipa ya watawa nusu alama zaidi. Zinatofautiana, sikatai. Ya Westvleteren ilikuwa kavu zaidi kidogo, na hamira wanazotumia siku hizi si zile zile. Lakini nusu alama juu, nusu alama chini, ndiyo tofauti tuliyoilipia mara tano.

Sasa rudi kwenye kura. Bia hizi zikipimwa, zile kali karibu siku zote hupanda juu. Sababu haihitaji utafiti. Mpimaji anaonja mafunda mawili matatu, anaandika, anahamia nyingine. Katika mafunda matatu, bia ya asilimia 10 yenye tende na sukari guru inaifunika ile ya asilimia 6.7 kama muziki wa daladala unavyofunika maongezi. Lakini watu hawanywi mafunda matatu. Wanakaa na bia, wanakula, wanapiga soga. Mimi nimeipa Abt 17 na Pater 13.5, na bado mkiniuliza nataka ipi pamoja na nyama choma na stori za saa mbili, nitataja Pater bila kusita. Alama yangu haiwezi kuonyesha hilo. Wala kura ya 2005 haikuweza.

Tena kuna mwenye mizani. Mwaka 2017 ilifahamika kwamba kitengo cha uwekezaji cha AB InBev kilikuwa kimenunua hisa RateBeer. Mwaka 2019 kikaichukua yote. Februari 2025 tovuti ikafungwa. Sisemi kura ya 2005 ilipikwa. Wakati ule kampuni hiyo haikuwemo kabisa. Nasema kwamba mahali ambapo watu wa kawaida walikuwa wakiwapa viwanda alama pakawa mali ya kiwanda kikubwa kuliko vyote, kisha pakazimwa. Ingekuwa ni timu ya mpira imemnunua mwamuzi, tungeandamana.

Ndiyo maana viwanda kama hiki cha Watou vinanigusa. Hakina alama ya pembe sita na hakistahili kuipata, kwa sababu watawa hawamo. Hakina foleni ya kupigia picha. Hakina matangazo ya kampuni kubwa. Kina chupa tu, na mtu wa kuionja. Tukizoea kupima kwa foleni na lebo, kiwanda cha namna hiyo kitakufa hata kama kinapika vizuri, na hata mwanamuziki au mwandishi wa kwetu tutamuua kwa njia hiyo hiyo: hatumsikilizi hadi Mzungu ampe tuzo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Ukitaka kujua pesa yako inakwenda kwa nani, soma lebo, tena isome yote. Ukitaka kujua bia ni nzuri kiasi gani, ficha lebo, mwombe rafiki amimine, onja polepole, andika namba yako kabla hujasikia ya mtu mwingine. Namba hiyo ikitofautiana na ya dunia nzima, isifute.