Tuutazame mwendo wa kijana kabla ya kumkemea

Kijana anapoanza kutembea mguu ukiwa umekakamaa, au akishuka ngazi hatua moja moja huku ameshika ukuta, wengi wetu huharakisha kumkemea: "Tembea sawasawa, acha kudeka!" Ingefaa tulitazame goti lake kwanza.

Kilegesambwa, yaani pia ya goti, huteleza ndani ya mfereji ulio mwishoni mwa mfupa wa paja. Kwa baadhi ya vijana mfereji huo una kina kidogo, au kano zinazokishikilia zimelegea. Basi kijana akigeuka ghafla uwanjani, kilegesambwa huhama, mara nyingi kwa upande wa nje. Hata kikirudi mahali pake, hofu hubaki. Akilikunja goti likiwa limebeba uzito, huhisi kwamba litamponyoka. Ndipo hulikaza, hufupisha hatua na kuegemea mguu wa pili. Huko si kudeka, ni mwili kujihami.

Lakini kujihami huko nako huzaa madhara. Msuli wa mbele ya paja usipotumika husinyaa, na kilegesambwa kilichokwisha kuhama mara moja ni rahisi kuhama tena. Tusimpeleke kijana kuvutwa goti mtaani. Tumpeleke hospitali akapimwe, afundishwe mazoezi ya kuimarisha paja na nyonga, nasi tumsimamie ayafanye. Asipoweza kusujudu, aashirie sijda akiwa ameketi. Dini yetu imemruhusu.

Tumwulize kwanza, "Mwanangu, goti linakuumaje?"