Unabii Usio na Mlango



Juzi dada mmoja alinijia baada ya ibada akitetemeka. Alitabiriwa kwamba kuna kifo nyumbani kwake mwaka huu. Amewatoa watoto shuleni, hataki wapande matatu, usiku halali. Nikamuuliza, "Na huyo mtumishi alikuambia ufanye nini?" Akasema, "Hakuna, Pasta. Alisema tu itatokea."

Nikakumbuka mchezo wa kuigiza wa Wayunani kuhusu mfalme Oedipus, ulioandikwa na Sophocles wa Athene karne ya 5 kabla ya Kristo. Mfalme Laius wa Thebes aliambiwa kwamba atauawa na mwanawe. Mtoto alipozaliwa, alitobolewa vifundo vya miguu na kupewa mchungaji akamtupe mlimani. Mchungaji akamhurumia, na mtoto, Oedipus, akalelewa Korintho. Alipokua akaenda kwa mungu wa Delphi, akaambiwa atamuua babake na kumwoa mamake. Hakurudi Korintho tena, akidhani wazazi wake wako huko. Kumbe alikuwa anakimbilia kulekule! Kwenye njia panda alimuua mzee asiyemjua: babake. Huko Thebes akamwoa malkia mjane, Jocasta: mamake.

Jocasta ndiye aliyesema unabii ni bure, maisha ni bahati tu, heri mtu aishi awezavyo. Ni rahisi kumlaumu kwa kutoamini. Mimi namhurumia. Mtoto wake alitupwa kwa sababu ya unabii ambao, kwa alivyojua, haukutimia, maana aliambiwa mumewe aliuawa na majambazi. Kutoamini kwake kulitoka kwenye kidonda. Na kati yetu wako wengi hivyo: walitishwa na kudanganywa kwa jina la Bwana, leo wanasema hakuna Mungu, ni bahati tu.

Lakini sikia, mpendwa. Majaliwa na bahati ni nyumba mbili zisizo na baba. Moja inakuambia huwezi kubadilisha lolote. Nyingine inakuambia hakuna anayekujali. Jocasta alihama ya kwanza akaingia ya pili, na ukweli ulipojulikana akajinyonga. Hakuwa na wa kumlilia.

Sasa fungua Yona 3. Ninawi walipewa siku 40. Neno lilikuwa kali, hata halikutaja toba. Lakini mfalme alivaa gunia akaketi majivuni, na Mungu akaghairi. Hezekia naye aliambiwa atakufa. Akageukia ukutani, akaomba na kulia, akaongezewa miaka 15 (2 Wafalme 20). Mungu wetu anapoonya, anaacha mlango wazi. Soma pia Yeremia 18:7-8.

Kwa hiyo nasema bila kuogopa mtu: anayekutangazia msiba, asikuonyeshe toba wala maombi, kisha akuache na hofu, amekupeleka Delphi. Hajakupeleka kwa Baba.

Dada yule sikumwahidi kwamba hakuna atakayekufa. Hata Hezekia alikufa baadaye. Nilimwambia arudishe watoto shuleni, na jioni wapige magoti pamoja. Mwaka wake uko mikononi mwa Mmoja anayesikia.

Tuombe: Baba, ondoa hofu iliyopandwa kwa jina lako. Waliojeruhiwa hadi wakaacha kuamini, waponye na uwarudishe nyumbani. Katika jina la Yesu.

Kama neno hili limekugusa, sema Amina, na umtumie mmoja anayeishi kwa hofu.